Namna ya kumtambua kiti cha pweza na jamaa zake maji yakipwa

Mwongozo huu wa kiti cha pweza, mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, na jamaa zake umeandikwa kwa sababu maswali ya wanaoanza hayabadiliki. Mwanafunzi huleta picha moja tu, iliyopigwa kwa juu, ya mnyama mwekundu aliyelazwa kiganjani, kisha huuliza: "Huyu ni aina gani?" Mwingine amempata mwenye mikono minne na anaamini kuwa amegundua spishi mpya. Wa tatu anataka kujua kama jongoo bahari ni mnyoo. Maswali hayo karibu yote hupata jibu palepale ufukweni, iwapo mtu atafanya jambo moja ambalo wengi hawalifanyi, nalo ni kumtazama mnyama upande wa chini kabla ya kumpa jina. Rangi ya mgongoni humvutia kila mpita njia, lakini alama nyingi zinazomweka mnyama kwenye ngeli, oda na familia yake, yaani makundi ya uainishaji kuanzia kubwa hadi dogo, ziko chini, kuzunguka mdomo na ndani ya mifereji ya mikono.

Nimeuandika kwa ajili ya pwani yetu, kuanzia Lamu na Malindi hadi Unguja, Mafia na Mtwara, ambako mwamba na mafungu ya mchanga hubaki wazi kwa saa kadhaa na mtu anaweza kuwafikia wanyama hawa kwa miguu, bila mtumbwi wala vifaa vya kuzamia.

Machache ya kujua kwanza

Kiti cha pweza si samaki. Yumo katika faila, yaani kundi kuu la wanyama, ya Ekinodermata, jina lililotoka kwenye maneno ya Kigiriki yenye maana ya ngozi yenye miiba. Faila hii ina spishi hai zipatazo 7,000, na zote huishi baharini. Hakuna hata moja ya mtoni au ziwani. Wanyama wake waliokomaa kwa kawaida wamegawanyika sehemu tano kuzunguka kitovu kimoja, ingawa mabuu yao yana upande wa kulia na wa kushoto kama sisi. Chini ya ngozi wana mabamba ya chokaa, na ndani ya mwili wana mishipa iliyojaa majimaji ambayo husukuma vijiguu laini vya umbo la mrija. Vijiguu hivyo ndivyo vinavyomwezesha mnyama kutembea, kushika na kwa sehemu kupumua.

Ngeli zilizo hai ni tano: viti vya pweza (Asteroidea), nyota za mikono myembamba kama nyoka (Ofiuroidea), wanyama wa mviringo wenye miiba ambao hapa nitawaita nungu wa bahari (Ekinoidea), majongoo bahari (Holothuroidea) na nyota za manyoya (Krinoidea). Majina ya Kiswahili hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji, kwa hiyo waulize akina mama wanaochokoa pweza katika eneo lako wanamwita nani, na uliandike jina hilo kando ya lile la kisayansi. Mara nyingi wao ndio watakaokuonyesha alipo.

Vitu vya kuandaa

- Jedwali la maji kupwa na kujaa la bandari iliyo karibu nawe.
- Viatu vya kufunga vyenye soli nene. Kandambili hazifai kabisa, kwa sababu mwiba hupenya ubavuni, na zenyewe huchomoka miguuni kwenye matope.
- Beseni jeupe la plastiki, lenye kina cha kutosha kumfunika mnyama kwa maji.
- Rula ya plastiki, lenzi ya mkono inayokuza mara 10, daftari na kalamu ya risasi. Wino wa baadhi ya kalamu huyeyuka ukiguswa na maji ya chumvi.
- Simu au kamera iliyofungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji.
- Chupa ya chai yenye maji ya moto. Sababu yake utaiona mwishoni.
- Ruhusa. Toa taarifa kwa kamati ya wavuvi au kwa sheha kabla ya kushuka. Ndani ya hifadhi za bahari, kama vile Watamu na Malindi zilizotangazwa mwaka 1968, au Hifadhi ya Bahari ya Mafia, usimguse wala usimhamishe mnyama yeyote bila kibali; piga picha alipo.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku ya bamvua. Maji hupwa sana siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Katika pwani ya Unguja na Mombasa tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4 wakati wa bamvua kubwa, na hapo ndipo ukingo wa nje wa mwamba unapojitokeza. Wakati wa maji mafu, yanapopwa kidogo tu, utaishia kwenye mchanga wa karibu na kurudi umekata tamaa. Fika saa moja na nusu kabla ya maji kufikia mwisho wa kupwa, ufuate maji yanavyorudi nyuma, na uanze safari ya kurudi mara tu yanapogeuka. Mwamba wenye mabonde hujaa kutoka nyuma yako kabla hujatambua.

2. Andika makazi kabla ya kumgusa mnyama. Je, alikuwa juu ya mchanga, ndani ya mchanga, kwenye nyasi za bahari, chini ya jiwe au juu ya tumbawe hai? Jambo hili hupuuzwa, ilhali hupunguza sana orodha ya majina yanayowezekana. Kiti cha pweza mwenye vinundu vyekundu, Protoreaster lincki, hupenda mchanga wenye nyasi za bahari. Nungu wa bahari aitwaye Tripneustes gratilla hukaa humo humo na hujifunika majani, hata mtu akadhani ni takataka iliyokwama. Nungu mdogo Echinometra mathaei hujichimbia shimo ndani ya mwamba wenyewe. Nyota za mikono myembamba hujificha chini ya mawe mchana kutwa.

Ukiinua jiwe, linyanyue upande ulio mbali nawe ili lenyewe liwe ngao ya miguu yako, na ulirudishe lilivyokuwa, uso wa chini ukiwa chini. Jiwe lililoachwa limepinduliwa huua kila kilichokuwa kimeshikamana nalo.

3. Hakikisha kwamba ni Ekinodermata. Tafuta vijiguu vya mrija kwa lenzi. Konokono wa bahari asiye na gamba huonekana kama jongoo bahari mfupi, lakini ana vipembe kichwani, hutambaa kwa tumbo bapa, na hana safu zozote za vijiguu. Na ikiwa ni gamba zuri lenye umbo la pia, liache lilipo: baadhi ya konokono wa jamii ya Conus wanaopatikana katika bahari yetu huchoma kwa sumu inayoweza kuua mtu.

4. Mtie kwenye beseni, kisha mgeuze. Jaza beseni maji ya bahari ya palepale. Mchukue kwa kupitisha mkono wako chini ya kitovu chake, polepole, ukisubiri vijiguu viachie, kwani ukimvuta kwa nguvu utavikata. Mgeuze mgongo ukiwa chini. Dakika mbili au tatu zinatosha, na beseni likae kwenye kivuli cha mwili wako.

Usimtoe nje ya maji ili upige picha naye. Kiti cha pweza hupumua kupitia vijiguu na vijifuko vyembamba vya ngozi vilivyotapakaa mgongoni, na hewani vijifuko hivyo hulala na kukauka. Nimewaona wengi wakipitishwa kutoka mkono hadi mkono juani, kisha wakarushwa majini. Aliyewarusha huondoka akiamini kuwa wako salama kwa sababu hawakulia wala hawakutapatapa.

5. Amua ngeli kwa kutazama chini. Hapa ndipo kazi yote ilipo.

Ukiona mfereji ulio wazi ukitoka mdomoni hadi ncha ya kila mkono, na ndani yake safu za vijiguu vinavyochezacheza, huyo ni kiti cha pweza, Asteroidea, hata kama umbo lake ni la mto wa kulalia. Kama mikono imetoka kwenye kisahani kidogo kilichojitenga waziwazi, na chini ya mikono hakuna mfereji wazi bali mabamba yaliyofungana, huyo ni Ofiuroidea. Pia tazama mwendo: kiti cha pweza huteleza kana kwamba ameketi juu ya zulia linalovutwa, kwa sababu vijiguu ndivyo vinavyofanya kazi, Ofiuroidea hupiga makasia kwa mikono yenyewe na hutoroka upesi.

Nungu wa bahari hana mikono. Mabamba yake yameungana kuwa kifuu kigumu, na katikati ya upande wa chini utaona meno matano yanayokutana ncha. Kifaa kinachoendesha meno hayo huitwa taa ya Aristotle, kwa kuwa mwanafalsafa huyo ndiye aliyekifananisha na taa. Wale bapa kama sahani wanaofukiwa mchangani wamo katika ngeli hiyohiyo, ila miiba yao imekuwa mifupi kama manyoya. Jongoo bahari amelala ubavu, tuseme hivyo: mdomo wenye minyiri uko upande mmoja na haja upande wa pili, na safu tano za vijiguu zimenyooka kwa urefu wa mwili. Nyota ya manyoya ndiye pekee anayeelekeza mdomo juu, na utamwona zaidi ukizamia kuliko ukitembea.

6. Pima urefu wa aina mbili. Kwa kiti cha pweza, pima kutoka katikati ya mwili hadi ncha ya mkono mrefu. Hicho ni R kubwa. Kisha pima kutoka katikati hadi ukingoni, mahali mikono miwili inapokutana. Hicho ni r ndogo. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Culcita schmideliana aliyekomaa, yule anayefanana na mto, hutoa jibu lililo juu kidogo tu ya 1. Linckia mwenye mikono kama vidole hutoa kubwa mara kadhaa. Tarakimu hii haidanganywi na rangi, na mtu mwingine anaweza kuipima tena akaipata ileile.

7. Tazama vijiguu, ukingo na mgongo. Kwa lenzi, chunguza ncha ya kijiguu kimoja. Ikiwa ina kinyonyeo bapa, kama cha mkono wa pweza lakini kidogo mno, endelea kwenye oda ya Valvatida, ambayo ndiyo yenye wengi wa viti vya pweza wa maji mafupi ya kwetu. Ikiwa imechongoka kama ncha ya kalamu ya risasi, umempata mmoja wa Paxillosida, na yaelekea ni Astropecten, mchimbaji wa mchanga ambaye hana tundu la haja: humeza kombe wadogo wazimawazima na kutema magamba kwa mdomo uleule.

Kuna mtego hapa ambao huwanasa wengi. Jenasi ya Archaster nayo huishi mchangani, ina mikono mirefu iliyochongoka, na ukingo wake umepangwa mabamba kama wa Astropecten. Kwa juu watu huwachanganya. Ukiwageuza, Archaster ana vinyonyeo kwenye vijiguu vyake na Astropecten hana, na kwa hiyo wanakwenda kwenye oda mbili tofauti. Sijui mfano mzuri kuliko huu wa kumwonyesha mwanafunzi kwa nini tunageuza.

Kisha mrudishe kifudifudi uangalie mgongo. Tafuta kichujio, yaani kidoa kigumu chenye mistari kilicho pembeni kidogo ya kitovu, kinachounganisha mishipa ya maji na nje. Wengi wana kimoja. Acanthaster, yule mla matumbawe mwenye mikono mingi, ana kadhaa. Hesabu mikono, angalia kama ngozi ni laini, ina chembechembe, vinundu au miiba, na kama ukingo una mabamba makubwa yanayoonekana. Kwa Protoreaster lincki, angalia miiba minene inayochomoza ubavuni kuelekea ncha za mikono.

8. Piga picha nne. Ya juu, ya chini, ya ubavuni, na ya karibu ya ncha ya mkono ikiwa na mfereji. Rula ionekane katika kila picha. Picha ya chini ikikosekana, ishia kwenye jenasi au familia, usiendelee.

9. Andika jina kwa kadiri ushahidi unavyoruhusu. Faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi: simama pale ambapo alama ulizoziona zinakoma. "Linckia, spishi haijajulikana" ni rekodi ya heshima kabisa. Jenasi huanza kwa herufi kubwa, spishi kwa herufi ndogo, na yote mawili huandikwa kwa hati ya mlalo au hupigiwa mstari daftarini.

Wanaoanza huuliza pia maana ya mabano. Chukua Linckia laevigata (Linnaeus, 1758). Mwaka huo Linnaeus alimwita Asterias laevigata, kwani aliwaweka viti vya pweza wote katika jenasi moja ya Asterias. Baadaye alihamishiwa jenasi nyingine, iliyopewa jina la Johann Heinrich Linck, mfamasia wa Leipzig aliyetoa kitabu juu ya viti vya pweza mwaka 1733. Mabano yanakuambia kwamba aliyeipa spishi jina hakuiweka katika jenasi iliyomo leo. Uainishaji hurekebishwa kila ushahidi unapoongezeka: mwaka 1986 mnyama mdogo wa mviringo kutoka bahari ya New Zealand, Xyloplax, aliundiwa ngeli yake ya sita, na baadaye akarudishwa ndani ya Asteroidea.

10. Mrudishe alipotoka. Mahali palepale, mdomo chini, ndani ya maji. Mwenye kuishi mchangani asiachwe juu ya mwamba. Aliyekauka nyumbani hupoteza rangi, vijiguu hunywea, na mifereji hujifunga, hivyo hata kwa masomo hana faida kuliko picha nne nzuri.

Ukikwama

*Mikono si mitano.* Kwanza tazama kama mmoja ni mfupi kuliko mingine, au kama kuna kovu. Yaelekea aliupoteza na unaota upya. Linckia wanaweza hata kuota mwili mzima kutoka kwenye mkono mmoja, na katika hatua hiyo huonekana kama kimondo, mkono mrefu wenye vijimkono vidogo kwenye shina lake. Spishi mpya ndilo jibu la mwisho kabisa kufikiria.

*Wawili wamefanana kila kitu isipokuwa rangi.* Niliwahi kujaza ukurasa mzima nikiwatenga Linckia wa bluu na wa rangi ya chungwa kama spishi mbili, kisha nikaufuta wote nilipolinganisha vipimo na ngozi zao. Rangi iandikwe, lakini isiamue peke yake.

*Culcita mdogo hafanani na mto.* Akiwa mchanga ni bapa na ana pembe tano zilizo wazi. Mifereji mitano ya chini ndiyo itakayokusaidia.

*Programu ya simu inatoa jina la Pasifiki.* Hutokea mara kwa mara, kwa kuwa picha nyingi zilizoifundisha zimetoka huko. Linganisha na maeneo ya usambazaji. Mfano ni Acanthaster: kwa muda mrefu wote waliitwa A. planci, hadi utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2008 ulipoonyesha makundi manne, likiwemo la kusini mwa Bahari ya Hindi ambalo leo huitwa A. mauritiensis. Ukimkuta usimkate wala usimshike, maana miiba yake ina sumu. Toa taarifa kwa wasimamizi wa eneo.

*Jongoo bahari ametoa nyuzi nyeupe zinazonata, au matumbo.* Umemsumbua kupita kiasi. Mwache mara moja. Nyuzi hizo zenyewe ni alama, kwa kuwa Holothuria leucospilota na jamii ya Bohadschia wanazo, ilhali Holothuria atra, mweusi anayejipaka mchanga, hana. Kumtofautisha jongoo mchanga, yaani Holothuria scabra, na baadhi ya jamaa zake kwa uhakika huhitaji hadubini, kwani vijibamba vya chokaa vya ngozi yake havionekani kwa macho.

*Nungu ni wengi mno na hakuna kingine.* Andika idadi yao katika mita moja ya mraba. Samaki kama kikande huwala, na wakivuliwa sana, nungu huongezeka na kuukwangua mwamba.

*Huna uhakika ni nungu yupi.* Mweusi wa miiba mirefu mwenye madoa matano meupe na pete ya rangi ya chungwa juu ni Diadema setosum. Mwenye vikoleo vilivyofunuka kama maua juu ya mwili wote ni Toxopneustes pileolus. Usimguse hata kwa glavu nyembamba, kwani vikoleo hivyo vina sumu.

*Umechomwa na miiba.* Rudi ufukweni na mtu. Changanya maji ya chupa ya chai na ya kawaida hadi yawe ya moto unaoweza kuvumilika, yajaribiwe kwanza na mkono ambao haujaumia, kisha tumbukiza sehemu iliyochomwa kwa nusu saa au zaidi huku ukiongeza maji ya moto kidogo kidogo yanapopoa, bila kuzidi moto unaoweza kuvumilika. Pwani wengi hupaka pia utomvu wa papai bichi. Ng'oa tu miiba inayoshikika kwa kibano. Ya Diadema huvunjika ukiichimbua, na vipande huzama zaidi. Ukiwa umechomwa kwenye kiungo, au ukahisi kizunguzungu, ganzi au shida ya kupumua, nenda kituo cha afya mara moja, hata kama maumivu yamepungua.